Bomba la Mkoloni, Kodi ya Kanjo: Nani Alipaswa Kutengeneza?

Kila nyumba kuukuu ya Eastlands ina sentensi yake. Fundi ameinama chini ya sinki, tochi ya simu ameing'ata kwa meno, anagonga bomba mara mbili na spana, halafu anasema, "Hii ni ya mkoloni. Nikiigusa hapa, itavuja pale." Baada ya hapo anataja bei.

Wengi wetu huisikia hiyo sentensi kama njia ya fundi ya kupandisha pesa. Mimi nimeisikia mara nyingi sana, kwa sababu nilipoacha chuo nilikaa karibu mwaka mzima nikimbebea mjomba wangu mfuko wa spana. Yeye ni fundi wa mfereji. Na wacha niwaambie, hiyo sentensi ni historia kamili, ila imekatwa mwisho. Mkoloni aliondoka 1963. Miaka zaidi ya 60 imepita. Hilo bomba limekuwa mikononi mwa nani?

Kila nyumba hujengwa ikiwa na jibu la swali moja: kitu kikiharibika, nani atatengeneza? Katika mitaa ya zamani ya Nairobi kama Kaloleni, Ziwani, Shauri Moyo, Bahati na Jericho, jibu lilikuwa kanjo. Kanjo ilijenga, ikamiliki, ikakodisha, ikatuma fundi. Leo mwenye nyumba ni yule yule, lakini bomba likipasuka saa nane usiku, ni wewe, ndoo yako na fundi wako wa mtaani. Hilo jibu lilibadilika polepole bila mtu yeyote kututangazia. Na ni muhimu tujue lilivyobadilika, kwa sababu sasa hivi nyumba hizo zinapangiwa kubomolewa, na sababu tunayopewa ni kwamba zimechakaa. Sawa, zimechakaa. Lakini nyumba haichakai peke yake.

Maji yalikuja na reli, na hayakugawanywa sawa

Nairobi yenyewe ni jina la maji. Kwa Kimaasai ni mahali pa maji baridi. Reli ilipofika hapa 1899 ilikuta mto na kinamasi, ikapiga kambi. Injini za mvuke zilihitaji maji, na watu pia, na baada ya muda bomba likavutwa kutoka chemchemi za Kikuyu kuleta maji mjini.

Mwaka wa 1902 tauni ilizuka kwenye soko la Wahindi, na serikali ikaamua kuliteketeza soko lote kwa moto. Mwaka wa 1913 akaletwa Profesa W. J. Simpson kuchunguza afya ya miji ya Afrika Mashariki, na pendekezo lake kubwa likawa kwamba watu watenganishwe kwa rangi. Yaani choo na mtaro vikawa sababu ya kuchora mipaka ya mji. Wazungu wakachukua miinuko ya magharibi na kaskazini. Waafrika wakasukumwa mashariki, kule kwenye tambarare ambako Mto Nairobi unaelekea ukiwa umeshabeba uchafu wa kila mtu aliye juu.

Hata huko mashariki, Mwafrika alihesabiwa kama mgeni wa kazi. Sheria ya kipande ilipitishwa 1915 na ikaanza kuuma baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume mwenye kipande shingoni, kwa hesabu ya serikali, alihitaji mahali pa kulala tu. Mke na watoto walikuwa ushago. Mtu wa kulala tu hahitaji jikoni wala bafu lake. Kwa hivyo vyumba vilijengwa kwa safu, mfereji ukawekwa nje, na choo kikawa cha wote. Ukitembea sehemu kuukuu za Eastlands leo utaona hiyo hesabu bado imesimama: chumba kimoja, na maji nje.

Hesabu ilibadilika kwa kulazimishwa. Wafanyakazi wa Mombasa waligoma 1939, wakagoma tena kwa nguvu zaidi 1947. Serikali ikaanza kuelewa kwamba mfanyakazi anayelala wanne kwenye chumba kimoja hatakaa kimya milele. Kaloleni ikajengwa miaka ya 1940 ikiwa na nyumba za familia. Mwaka wa 1954 kamati ya mishahara ya Waafrika, ile inayoitwa kwa jina la mwenyekiti wake, Carpenter, ikasema mshahara ulipaswa kumtosha mtu na familia yake. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, mitaa kama Bahati, Ofafa, Maringo na Jericho ikasimama. Bwawa la Sasumua likamalizika 1956, na maji zaidi yakateremka mjini.

Hapo ndipo yalipotoka mabomba mengi ambayo fundi wako anayaita ya mkoloni. Ni mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki, yaani GI, na vipimo vyake ni vya Kiingereza. Kenya ilihamia mita na kilo zamani, lakini nenda duka lolote la hadwea leo uitishe elbo. Muuzaji atakuuliza, "Ya nusu inchi ama robo tatu?" Huo ni mkoloni bado yuko dukani, na kwa hili tushukuru kidogo, maana ndiyo sababu kifaa cha leo bado kinaingia kwenye bomba la babu yako.

Kutu haiogopi rangi ya nje

Sasa tuingie ndani ya bomba lenyewe, kwa sababu historia bila kujua kitu kinavyofanya kazi ni porojo.

Zinki iliwekwa ili iliwe kwanza. Maji na hewa vikija, zinki inajitoa mhanga na chuma kinabaki salama. Lakini zinki ni ngozi nyembamba tu. Ikiisha, kutu inaanza kula chuma, na inaanzia ndani, mahali ambapo hakuna anayeona. Inaota vinundu, vinundu vinashika uchafu, na tundu la bomba linazidi kuwa dogo. Siku moja mjomba alikata kipande cha nusu inchi akanipa nikichungulie. Nje kilikuwa sawa kabisa, kimepakwa rangi. Ndani, penseli isingepita. Mwenye nyumba alikuwa amebadilisha mfereji mara mbili akidhani ndio una shida.

Ndiyo maana ile sentensi ya "nikiigusa hapa, itavuja pale" si uongo. Bomba la aina hii limeunganishwa kwa nyuzi zilizochongwa kwenye chuma, na pale kwenye nyuzi ndipo chuma ni chembamba zaidi. Fundi akizungusha spana upande mmoja, nguvu inasafiri hadi kiungo kingine, na kile kiungo kilikuwa kinashikiliwa na kutu tu. Kutu ikivunjika, maji yanatoka. Ukiongeza kipande kipya cha shaba nyekundu moja kwa moja kwenye chuma cha zamani, umeharakisha kazi, kwa sababu metali mbili tofauti zikikutana kwenye maji, chuma ndicho kitaliwa.

Halafu kuna mgao. Nyumba hizi zilijengwa kwa imani kwamba maji yatakuwa kwenye bomba muda wote. Maji yakikatika, bomba linabaki na unyevu na hewa, na hiyo ndiyo karamu ya kutu. Yakirudi, yanakuja kwa kishindo na kung'oa kile kilichokuwa kimelegea, ndiyo unaona maji ya rangi ya chai. Mbaya zaidi, bomba lililo tupu linaweza kunyonya. Kama lina ufa na limepita karibu na mtaro wa choo unaovuja, kile kilicho nje kinaingia ndani. Kwa hivyo hata siku ambayo hakuna maji, bomba bovu linakufanyia kazi mbaya.

Mgao huo ndio ulioleta matanki meusi juu ya paa. Hii nayo watu hawaifikirii. Lita 1,000 za maji ni kilo 1,000. Ni tani nzima umeiweka juu ya ukuta na mbao zilizochorwa na mtu ambaye hakuwahi kuota tanki. Tunatengeneza shida ya maji kwa kuanzisha shida ya ukuta.

Jibu lilipopotea

Turudi kwenye swali letu. Fundi wa kanjo alienda wapi?

Kwanza, jiji lilikua na mabomba yakabaki. Sensa ya 1969 ilihesabu watu 509,286 Nairobi. Ya 2019 ilihesabu 4,397,073. Bwawa kubwa la Ndakaini lilimalizika 1994, na tangu hapo watu wameongezeka maradufu na zaidi. Ndani ya mitaa yenyewe, ua uliokuwa wazi ukajaa mabanda na vyumba vya nyongeza, kila kimoja kimejiunganisha kwenye bomba lile lile la nusu inchi na mtaro ule ule wa choo.

Pili, mwenye kuulizwa aliondolewa. Mwaka wa 1983 serikali ilivunja baraza lililochaguliwa na kuteua tume ya kuendesha jiji. Tume hiyo ilikaa hadi wakati wa uchaguzi wa 1992. Fikiria hiyo kama mpangaji. Kwa karibu miaka kumi, bomba lako la miaka ya 1950 linafikisha umri wa kubadilishwa, na huna diwani uliyemchagua wa kumwendea na kumwambia kura yako haitarudi kwake. Mimi naona hapa ndipo pengo lilipopanuka. Zinki iliisha wakati ule ule sauti ya mpangaji iliisha.

Tatu, bomba likagawanywa. Sheria ya Maji ya 2002 ilitenganisha huduma ya maji na shughuli nyingine za baraza, na kampuni ya maji na majitaka ya jiji ikaundwa. Kulikuwa na sababu za kufanya hivyo. Lakini angalia matokeo yake kwenye nyumba ya kanjo: kampuni inahusika hadi kwenye mita. Baada ya mita ni mambo ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba ni kanjo. Kanjo haina tena idara ya maji kama ile ya zamani. Mpangaji amesimama kwenye dimbwi katikati ya ofisi mbili, na kila moja inamwonyesha mlango wa nyingine.

Nne, kodi. Kodi za nyumba hizi zimekuwa chini sana ukilinganisha na nyumba za watu binafsi. Ukiuliza ukarabati, utaambiwa kodi haitoshi. Ukimuuliza mpangaji, atakwambia aongezewe kodi ya nini na kila bomba la nyumba hiyo amelinunua yeye mwenyewe. Wote wawili wana hoja, na hapo ndipo watu hukwama. Lakini mwenye nyumba anayekusanya kodi ndogo bila kutengeneza, na mpangaji anayelipa kodi ndogo halafu anatengeneza, hawako sawa. Mmoja mali yake inahifadhiwa na mwingine bure.

Na hii kazi ya mpangaji haijaandikwa popote. Wamama wa mitaa hii wamenunua mabomba, valvu, saruji na mchanga kwa miaka, risiti zikapotea kwenye droo. Nyumba ikibomolewa, hesabu inasema kanjo ilikuwa na nyumba kuukuu. Haisemi ni nani aliyeifanya isimame hadi leo.

Uzee peke yake si ugonjwa

Kuna mtu atasema: nyumba ya miaka 70 ni mzee, acha ianguke. Twende Pwani kidogo tuone nyumba za umri mkubwa kuliko huo.

Magofu ya Gedi, karibu na Malindi, ni mji ulioachwa karne kadhaa zilizopita, na ndani yake kuna visima na vyoo vilivyojengwa pamoja na nyumba. Kwa hivyo tusidanganyane kwamba choo cha ndani ni kitu tulichofundishwa na reli. Mji mkongwe wa Lamu, ambao UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia 2001, una nyumba za mawe za karne ya 18 ambazo watu bado wanaishi. Kwenye bafu za nyumba hizo kuna birika la maji lililojengwa kwa mawe na kupakwa chokaa. Walifuga samaki wadogo ndani yake wale viluwiluwi vya mbu, na chini wakatia bakuli la kaure ili maji yakipungua samaki wapate pa kukaa.

Mtu aliyeweka lile bakuli alikuwa amefikiria siku mbaya kabla haijafika. Na chokaa ikibanduka, anayeishi mle ndiye mwenye uamuzi, na fundi wa chokaa yuko mji huo huo. Sisemi nyumba zote za Lamu ziko sawa, nyingi zimeanguka kwa kukosa pesa za kuzitunza. Nasema zile zilizobaki zimebaki kwa sababu kila kizazi kilijua nani anapaka chokaa. Kaloleni ni mtoto mdogo mbele ya nyumba hizo.

Kama uko kwenye nyumba kama hii leo

Historia haizibi bomba, kwa hivyo haya ni mambo ambayo nimeyaona yakisaidia watu.

Tafuta valvu inayofunga maji ya nyumba yako kabla hujaihitaji. Kwenye nyumba nyingi kuukuu imezikwa chini ya saruji ya ua au inafunga safu nzima. Kama hakuna yako peke yako, hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya kumpa fundi.

Acha kubandika viraka kwenye bomba ambalo limepasuka mara tatu. Jumlisha ulicholipa kwa mwaka mmoja, halafu uliza bei ya kubadilisha laini nzima, kutoka mita hadi mfereji. Mafundi wengi sasa huweka PPR, ambayo huunganishwa kwa joto na haishiki kutu. Ipitishe juu ya ukuta, si ndani. Haipendezi sana, lakini siku ya kutengeneza hutabomoa kitu.

Tanki lako weka chini au kwenye mnara wake. Usilipandishe kwenye paa la 1950 kwa sababu jirani ameweka na halijaanguka bado.

Ongeeni na majirani wa safu. Bomba la pamoja likibadilishwa nyumba moja moja, kutu ya jirani itakuja kwako na maji.

Na andika. Piga picha kabla na baada, hifadhi risiti, peleka barua kwa mwenye nyumba na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inakupa haki ya makazi ya kutosha, viwango vya usafi vinavyofaa, na maji safi na salama ya kutosha. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 65, inaweka wajibu wa mwenye nyumba: pale anapokodisha sehemu tu ya jengo, paa, kuta kuu, mitaro mikuu na vifaa vya pamoja viko kwake. Huenda barua yako isijibiwe. Lakini siku watakapokuja kuhesabu nani alikuwa na haki gani kwenye nyumba hiyo, barua yenye tarehe itaongea kuliko kumbukumbu yako.

Na kwa wale wanaohamia gorofani

Pangani ya zamani ilishabomolewa na magorofa yamesimama. Mitaa mingine iko kwenye foleni. Mimi sipingi nyumba mpya, na sitamwambia mtu anayeoga kwa ndoo tangu azaliwe akatae bafu. Lakini gorofa ina mabomba mengi kuliko Kaloleni. Ina tanki la chini, pampu, tanki la juu, mabomba ya wima yanayopita ukutani kwa jirani yako, na lifti juu ya hayo yote. Pampu moja ikiungua, watu wa sakafu zote wanabeba mitungi kwa ngazi.

Sheria ya mwaka wa 2020 kuhusu umiliki wa sehemu za majengo inataka wenye nyumba wawe na shirika lao la kusimamia vitu vya pamoja na kuchangia gharama. Hilo ni jibu zuri kwenye karatasi. Hata kanjo ilikuwa jibu zuri kwenye karatasi 1956.

Kwa hivyo kabla hujatia sahihi na kuchukua ufunguo, uliza mambo matatu, na uyaulize mbele ya watu. Pampu ikiungua, nani anaitengeneza? Pesa za kuitengeneza ziko kwenye akaunti gani leo? Na asipofanya, mimi namwondoa vipi? Ukikosa jibu la hata moja, hesabu tu miaka. Kuna mtoto atakayezaliwa kwenye hiyo gorofa, na siku moja fundi atainama chini ya sinki yake, agonge bomba mara mbili, aseme hii ni ya wakati wenu.